Dirisha Namba Tatu

Miaka ishirini na sita nilikaa dirisha namba tatu,
manispaa ya mji mdogo wa milimani, Anatolia,
kidau cha wino kulia, glasi ya chai kushoto,
na katikati muhuri wenye mpini wa mjozi
uliokizoea kiganja changu kuliko mkono wa mke wangu.

Alikuja Saadettin mwoka mikate,
unga bado kwenye nyusi,
akitaka kibali cha tanuri.
Nikamwambia: dohani yako imepungua shubiri tatu.
Akaenda, akarudi. Ramani haina sahihi ya mhandisi.
Akaenda, akarudi. Mhandisi yuko likizo.
Mara ya saba hakusema neno.
Aliweka mkate wa moto juu ya kaunta, akaondoka,
na mimi, Mungu anisamehe, niliula.

Mitaani walininung'unikia, na haki walikuwa nayo:
serikali gani hii impimayo maskini kwa rula
na tajiri kwa macho?
Mtu ana mikono, ana unga, ana wateja,
si mumwache aoke!
Nami usiku nilijigeuza kitandani:
je, ninalinda watu,
au ninalinda kiti?

Lakini juu ya tanuri lile aliishi Gulizar mkunga
na mjukuu wake mwenye pumu.
Shubiri tatu zile ziliupitisha moshi juu ya dirisha lao.
Mtoto yule sasa ana ndevu.
Hakuna aliyekuja kunishukuru.
Nani hushukuru kwa kikohozi ambacho hakukikohoa?

Kisha Ferruh mkandarasi.
Yeye hakuja dirishani, dirisha ndilo lililomwendea.
Faili lake lilishuka kutoka ghorofa ya juu
limetimia kila kitu, ramani, stakabadhi,
mihuri minne, ukisubiriwa wa tano.
Penye udhia penyeza rupia,
na rupia zilikwisha penyezwa kabla ya kufika kwangu.
Mimi sikupata hata senti. Hilo nalo si utetezi.
Nilitazama karatasi: zilikuwa safi.
Zege sikulitazama.
Zege halikuwa kazi ya dirisha namba tatu.

Pa.

Sauti ya muhuri ni fupi hivyo.

Ghorofa saba. Chini, duka la mazulia,
na mazulia yalitaka nafasi,
basi wakakata nguzo moja, ile ya katikati,
ili mnunuzi aone wekundu wote tangu mlangoni.
Usiku wa theluji ardhi ilitikisa mabega, mara moja tu,
kama mtu anayekataa.

Kulipokucha niliokota kipande cha nguzo.
Kilimeguka vidoleni mithili ya mkate mkavu.
Ndani yake gamba la kome, jeupe, zima.
Na sisi kutoka baharini ni mwendo wa siku nzima.

Duka la Saadettin lilisimama.
Sisemi ni sheria iliyolisimamisha,
pengine ni ufupi wake tu.

Sasa kwenye nyumba ya chai wanabishana.
Wasemao futeni kanuni, nawaelewa:
walisimama kwenye foleni yangu.
Wasemao ongezeni kanuni, nawaelewa pia:
walichimba kifusi kwa kucha.
Mimi ninachokijua ni kidogo.
Kanuni ile ile, muhuri ule ule,
ulimchelewesha mwoka mikate miezi kumi na mmoja
na kumpitisha Ferruh kabla chai yangu haijapoa.
Kanuni haina miguu ya kwenda kupiga nguzo kwa nyundo.
Miguu ilikuwa yangu, nami niliikunja chini ya meza.

Siku hizi nikiingia dukani, kabla ya salamu,
nahesabu nguzo.
Jana Saadettin alinisubiri nimalize.
"Nne," nikasema.
"Nne," akajibu,
akanipa mkate,
na pesa yake akaipokea yote.